Tindo ya Barafu

Jumatatu, 4 Mei
Niwie radhi, shajara. Tangu nianze masomo ya uhandisi wa metali sijakuandikia hata mstari mmoja. Mwalimu mkuu mstaafu kuketi benchi moja na watoto si jambo jepesi. Mhadhiri wetu nilimfundisha mimi, darasa la tano. Hadi leo nikiingia karakanani husimama. Alama, hata hivyo, hanipi.

Ijumaa kila mwanafunzi atakata nondo kwa tindo aliyoifua mwenyewe. Nikishindwa, naondolewa chuoni. Mke wangu ameshanipangia kazi: kulea wajukuu sita.

Jumanne, 5 Mei
Tumefua. Tindo zilipokuwa nyekundu tukazitumbukiza majini, zikawa ngumu. Mhadhiri akaagiza kila mmoja airudishe yake tanurini kwa moto mdogo, kwa zamu, kabla ya Ijumaa, ipungue ukali isije ikavunjika. Nikamuuliza ni mzazi gani humwadhibu mtoto kisha akambembeleza. Akajibu kwa adabu kwamba mimi sikuwahi kuwabembeleza, na nusu ya darasa walitoroka shule. Vicheko. Yangu nikaipasha upya hadi ikawaka, nikaizamisha kwenye barafu. Moto mdogo ni wa waliodekezwa.

Jumatano, 6 Mei
Binti mwenye miwani, jirani yangu wa meza, huniita Babu mbele za watu. Leo kaniuliza kama tindo yangu nayo imestaafu. Nitamkomesha.

Alhamisi, 7 Mei
Nimemkomesha. Aliondoka mbio kuwahi mpira, akaiacha tindo yake mezani, nami nikabaki peke yangu karakanani. Nikaitia tanurini, moto mdogo, mpaka ikawa na rangi ya majani makavu. Nikairudisha mahali pake. Kesho itapinda kama mshumaa. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 8 Mei
Pigo la kwanza tu, tindo yangu ikapasuka vipande vitatu. Kimoja kikatua katika chai ya mhadhiri. Ya binti ilikata nondo kama mkate.

Binti akaigeuza, akaiona rangi, akanitazama. Akawaambia wote kwamba jana alisahau zamu yake ya tanuri, akakumbuka usiku karakana imefungwa, akalia hadi usingizi ukamchukua. Kumbe Babu alimwokoa. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikamwambia si kitu, mjukuu wangu, ni wajibu wa mkubwa.

Akaenda kuniombea nirudie mtihani. Mhadhiri akachungulia kikombe chake, akasema atafikiri.

Jumamosi, 9 Mei
Nimeligundua kosa. Barafu haikuwa baridi vya kutosha. Nimenunua chumvi ya kuichanganya.

Mke wangu akauliza kama mhadhiri hakusema lolote kuhusu moto mdogo. Nikamweleza kwamba mtoto niliyemfundisha kugawanya hawezi kunifundisha chuma. Amemweka mjukuu wa mwisho mapajani mwangu, akaenda zake sokoni.

Naandika kwa mkono mmoja. Mhadhiri akishaamua, nitakujulisha.