Nyama ya Jumapili

Jumatano, 2 Oktoba
Mama mkwe kapiga simu kutoka Barquisimeto. Anakuja Jumapili. Akauliza mwanangu Anyelis anakula nini. Nikasema nyama. Kila siku? Kila siku, nikasema, mpaka anaikataa. Hiyo ya kukataa sijui ilitoka wapi.
Kisha akasema kasikia mtoto analishwa wajane. Ndivyo tuitavyo arepa tupu, mkate wa mahindi usiotiwa kitu ndani. Najua nani kasema. Nerva, jirani, ambaye pua yake hufika dirishani kwangu kabla yake.
Mama mkwe anasema kama ni hivyo atamchukua mtoto akae kwake mpaka Deivis arudi. Mume wangu yuko Peru, anajenga nyumba za watu. Atarudi lini, hata yeye hajui.
Anyelis ana miaka minne. Bila kushika sikio langu hapati usingizi. Huko atashika sikio la nani?

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimepata! Maganda ya ndizi mzuzu. Unakwangua ule weupe wa ndani kwa kijiko, unayachemsha, unayachambua kwa uma, yanakuwa nyuzinyuzi kama nyama ya ng'ombe. Halafu kitunguu, saumu, pilipili hoho.
Nimejaribu. Chungu kama dawa ya minyoo. Nilikwangua kivivu. Ndizi zenyewe kala Anyelis, kafurahi.

Ijumaa, 4 Oktoba
Leo afadhali. Nimekwangua mpaka kidole kikauma.
Lakini nyumba ya nyama lazima ionekane na mfupa. Kapteni, mbwa wa Nerva, alikuwa nao mmoja mzuri, mkubwa. Nikasubiri ageuke kujikuna. Nimeuosha mara tatu, nimeuweka kando ya jiko, pale mgeni akikaa anauona.
Nimemfundisha Anyelis. Bibi akiuliza ndani ya arepa mna nini, aseme nyama. Kasema nyama mara kumi bila kukosea. Mtoto ana akili, si kama mimi niliyeishia kidato cha pili.

Jumamosi, 5 Oktoba
Mambo tayari. Hata mimi nikifumba macho naonja ng'ombe.
Jioni tumefinyanga arepa pamoja. Yake ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti. Unga nilikanda bila kupima maji, mkono unajua wenyewe. Nikawaza, labda mkono wangu ndio uliosoma.
Anyelis kaniuliza kwa nini ganda linaitwa nyama. Nikamwambia hilo ni jina lake la Jumapili.

Jumapili, 6 Oktoba
Mama mkwe kaja na begi tupu. La nguo za mtoto, sikuhitaji kuuliza.
Kala arepa ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Anaomba ya tatu, nami nimeanza kupumua, mara Kapteni huyo ndani. Kaenda moja kwa moja kwenye mfupa wake. Nyuma yake Nerva, anapiga kelele, ati siku mbili mnyama wake halali kwa ajili ya mfupa, kumbe nimeuweka kama pambo.
Mama mkwe kaangalia mfupa, kaniangalia mimi, kamgeukia Anyelis. Humu ndani mna nini, mjukuu wangu?
Anyelis kasema nyama. Sawasawa kabisa. Kisha kaongeza, "Lakini kesho Jumatatu litakuwa ganda tena."
Nilitamani sakafu inimeze. Nerva alijishika mbavu.
Mama mkwe kamwambia Nerva achukue mbwa wake aende. Kisha kasema, "Binti yangu, Deivis nimemlea kwa maganda haya. Mpaka anakuoa alijua ni nyama." Alipofiwa na mumewe, akabaki na watoto watatu, alikwangua maganda mpaka kijiko kikaisha ncha. Kasema anayekwangua hivi hamnyang'anyi mtoto. Kilichomtisha ni simu ya Jumatano. Nyama kila siku! Alidhani nimeficha njaa.
Kanishika mkono. "Ukiwa huna, niambie huna. Uongo huo usinirudishie tena." Nikaapa, machozi yananitoka. Begi kalijaza arepa, kaondoka.

Jumatatu, 7 Oktoba
Mama mkwe kapiga simu. Sauti yake changamfu, kama msichana. Kauliza Anyelis kala nini leo.
Alikuwa amekula mjane. Na nilitaka kusema, kweli tupu, nilishafungua mdomo. Lakini neno mjane, kumwambia yeye? Na alivyokuwa na furaha vile?
Nikasema samaki.
Kafurahi sana. Anapenda samaki. Jumamosi anakuja tule wote.
Nasikia bilinganya ukiliondoa ganda, ukaliloweka kwenye maji ya chumvi, ukalichambua, huwezi kulitofautisha na papa. Naanza kesho. Paka wa Nerva ana mwiba mmoja mzuri, mkubwa.