Kukata Mkia wa Bwana Joji

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa anakuja mgeni kutoka Uingereza, mnunuzi wa pampu zetu. Anaitwa George Bridge. Ofisi nzima hapa Daegu, Korea, inamwita Joji Briji. Ndivyo tulivyo: neno la Kiingereza likikatika ghafla, tunalibandikia irabu mwishoni, kama mkia, lipate pa kukalia. Atakayemkaribisha vizuri atapewa ukuu wa kitengo. Mkurugenzi Tak amedokeza. Miaka saba mimi ni naibu. Mke wangu ameacha kuuliza, na hilo ndilo linaloniuma. Nimeamua. Nitakata mikia yote.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi. Kila irabu ya ziada ikiponyoka, najifinya paja. Paja limevilia damu. Mke wangu kaliona, akauliza: Baba Ha-rin, huko kazini siku hizi wanakupiga? Siri ya kikazi, nikamjibu. Mpinzani wangu, Bi Ok Mi-ran, alikulia Chicago miaka tisa, lakini leo kikaoni kasema Joji Briji, sawasawa na mkurugenzi. Maskini, Kiingereza kimemtoka. Nilimhurumia, kisha nikafurahi.

Ijumaa, 8 Machi
Mkurugenzi alitangulia: karibu, Mista Joji Briji. Zamu yangu ikafika. Nikalitamka jina safi, limekatika kama figili kwa kisu kipya. Mara tatu, ili wa nyuma wasikie. Mgeni akacheka, akamwambia mkurugenzi kwamba hatimaye kapatikana mtu anayelijua jina lake. Masikio ya mkurugenzi yakaiva. Furaha, nadhani.

Wakati wa chakula nikaketishwa mlangoni, karibu na viatu. Bi Ok akakaa kando ya mgeni. Mkurugenzi alipokwenda msalani, nikamsikia Bi Ok akimwaga Kiingereza kitupu, hakina mkia hata mmoja! Mkurugenzi aliporudi, na mikia ikarudi. Ajabu kubwa.

Jumatatu, 11 Machi
Ukuu kapewa Bi Ok. Nililia kidogo chooni. Baadaye akaniletea kahawa, akasema taratibu: kaka Pyo, ulimi wako hauna kosa, ila mtu hatamki vizuri kuliko bosi mbele ya bosi, ulimvua nguo mbele ya mgeni. Ana moyo mzuri, namshukuru. Na nimemwelewa: tatizo ni kwamba bosi hajui kutamka. Nimemchapia orodha ya maneno arobaini na matatu anayoyakosea. Nimeibandika mlangoni kwake, asiikose. Chini nimeweka jina langu kwa herufi kubwa, ajue wa kumshukuru.