Ombi la Kuhamishiwa Daftari la Mizigo

Kambi ya Makuli,
Godauni la Pamba,
Tororo.
Jumanne, 10 Agosti 1965

Kwa Bwana Afisa wa Kazi,
Tororo.

Bwana Afisa Mheshimiwa,

KUHUSU: NENO "OKEI", NA OMBI LANGU LA KUTOLEWA KATIKA DAFTARI LA WATU NA KUANDIKWA KATIKA DAFTARI LA MIZIGO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na makarani wako wote, pamoja na yule mzee anayefagia baraza lako. Yeye ndiye aliyenidokeza kwamba barua ndefu huzisomi. Nitajitahidi.

Mimi ni mtu wa Taita. Kwetu ni Mgange, juu milimani, ukishashuka treni pale Voi. Huu ni mwaka wangu wa sita nikibeba robota, yale mafurushi makubwa ya pamba, katika godauni hili. Shule niliishia darasa la nne, na Kiingereza changu ni cha kuokota. Mara ya mwisho kulala nyumbani kwangu ilikuwa Krismasi ya mwaka 1962. Binti yangu Edah anafunga ndoa kanisani Jumamosi hii, tarehe 14, nami nataka kumshika mkono na kumwingiza kanisani mimi mwenyewe, baba yake. Nisipofika, atamwingiza ndugu yangu Dishon, ambaye hutembea kama mtu anayefukuza kuku, na ambaye tangu utotoni amekuwa akitafuta siku ya kuonekana kwamba mkubwa ni yeye. Hilo tu ndilo ninalolitaka. Yaliyobaki yote ni malalamiko, na nimeyapa namba ili yasipotee.

1. Neno hili katika ofisi. Tangu mwezi wa tano nimeomba likizo kwa Bwana Meneja mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja amenijibu okei. Mara ya kwanza alilisema bila kuinua macho. Nikaenda kambini nikafunga sanduku, nikagawa sufuria yangu na mkeka. Kumbe maana yake ilikuwa, nimekusikia, ondoka. Sufuria sikurudishiwa. Mara ya tatu alilisema huku akitikisa kichwa, maana yake, njoo wiki ijayo. Mara ya sita alisema "okei, okei", nami nikafikiri moja ni ya ruhusa na nyingine ni ya tikiti ya treni. Zote mbili zilikuwa, nyamaza. Mara ya tisa alilivuta kwa urefu, kama mtu anayepanda ngazi, na maana ya hiyo ni kwamba hakukumbuka mimi ni nani.

Nilimwendea karani wetu, Osborn Okanya, kijana wa Kisoko aliyesoma vizuri, nikamwomba anieleze. Akaniambia, "Mzee Taita, ile ya Bwana si okei ya kwenda. Ile ni okei ya kukaa." Nikamuuliza okei ya kwenda inafananaje. Akasema, "Hiyo iko kwa karatasi." Nikauliza karatasi iko wapi. "Karatasi bado haijapata okei."

Nilimshukuru, nikarudi kwenye robota.

2. Neno hili na lori. Siku mbili kwa wiki tunakwenda Busia kuchukua pamba inayoletwa kutoka Lumino. Dereva wetu Wesonga hurudisha lori nyuma kwa kufuata sauti ya aliyesimama nyuma. Zamani tuliita "rudi, rudi, rudi", halafu "basi!" na hakuna aliyekufa. Siku hizi vijana wanaita "okei, okei, okei", maana yake rudi, halafu "okei!" maana yake simama. Mwezi wa sita Wesonga alipata okei moja zaidi ya zile alizohitaji, akausukuma mzani wa pamba, nao mzani ukaangukia mguu wangu. Alitoa kichwa dirishani akauliza, "Mzee, uko okei?" Nami nikajibu okei, kwa sababu kina mama walikuwa wanatazama na nilikuwa na haya kulia. Ikaandikwa katika ripoti kwamba hakuna aliyeumia. Ukucha wa kidole gumba uling'oka na haujarudi mpaka leo, na ushahidi uliotumika dhidi yake ni wa kinywa changu mwenyewe.

3. Neno limevuka ofisi na sasa liko sokoni. Pale Busia, karibu na kizuizi cha mpaka, kuna mama mmoja anaitwa Benedeta, anauza chai na mihogo. Nilimwambia sukari ni kidogo. Akasema, "Okei." Hakuongeza. Nikamwambia chai imepoa. Akasema, "Okei, baba." Haikupata moto. Nikamwambia basi nitahamia kwa jirani yake. Akasema okei, na hiyo ndiyo okei pekee aliyoifanyia kazi siku ile, maana alikichukua kikombe nikiwa sijamaliza.

Sasa, Bwana Afisa, nakuja kwenye jambo lenyewe.

4. Robota. Kila alasiri Okanya hupita katika godauni na chaki. Robota iliyofungwa sawasawa anaiandikia herufi mbili, OK, na hapo mambo yake yamekwisha. Inabebwa mpaka langoni, inapita, inapandishwa kwenye behewa, na usiku huohuo inaelekea Mombasa. Njiani, Bwana Afisa, inapita Voi. Mimi mwenyewe nimezinyanyua kwa mgongo huu robota zisizo na idadi ambazo zimepita kwetu, na hakuna hata moja kati yazo yenye mtoto anayeolewa.

Robota inapata okei moja tu katika maisha yake, na inaondoka. Mimi nimepata kumi na moja na niko hapa.

5. Yaliyotokea jana. Wakati wa chakula cha mchana niliyasema haya kwa Okanya mbele ya wenzangu. Akacheka, akasema, "Basi geuka, Mzee," akaniandikia OK mgongoni, juu ya shati, herufi kubwa. Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naliangalia lango.

Askari wa lango ni Elungat, Mteso wa Merikit, mtu mwaminifu kuliko kufuli. Akanisimamisha.

"Taita, wewe nakwenda wapi?"

Nikamwambia Voi.

"Karatasi iko wapi?"

Nikageuka nikamwonyesha mgongo. Alisoma polepole, nikakisikia kidole chake kikifuata herufi.

"Hii ya Okanya?"

"Ya Okanya."

"Sasa wewe iko mzigo?"

"Leo ndiyo."

Amri aliyopewa ni kwamba chenye chaki kipite, na yeye si mtu wa kubishana na amri. Mwisho akasema, "Kama ni mzigo, pita. Lakini hapana ongea. Mzigo haiongei."

Nikapita bila kusema asante.

Stesheni nilikaa katikati ya robota, chini ya turubai, kwa muda wa karibu saa mbili. Nasema kweli, katika miaka sita sijapata mapumziko kama yale. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeniambia nibebe kitu, na mvua ilipoanza, watu wawili walikimbia kunifunika vizuri zaidi. Kisha Bwana Meneja akaja mwenyewe kuhesabu, akakuta robota moja zaidi. Akahesabu tena. Akafunua turubai.

"Hii nini?" akauliza.

Okanya alikuwa nyuma yake, jasho linamtoka. Akajibu, "Robota, Bwana."

Bwana Meneja alinitazama kwa muda mrefu. Akasema kwa sauti ya chini, "Okei." Hiyo ni ya kumi na mbili, na maana yake ilikuwa, rudi kazini.

Kwa hiyo, Bwana Afisa, sikuombi likizo. Likizo nimeiomba mpaka imechoka. Naomba jina langu litolewe katika daftari la watu na liandikwe katika daftari la mizigo kuanzia kesho asubuhi. Nimefikiri sana na sioni hasara kwa upande wowote. Robota moja ina ratili mia nne. Mimi sifiki hata mia moja na arobaini, kwa hiyo reli itakuwa inabeba theluthi ya robota tu. Sivuji. Sishiki moto kwa haraka kama pamba. Najipandisha na kujishusha mwenyewe, jambo ambalo robota haijawahi kulifanya, na makuli wenzangu watashukuru. Sharti la Elungat la kutoongea nalikubali mpaka Voi. Huko ningeomba turubai lifunuliwe, nishuke, na hesabu ya Mombasa ipunguzwe moja.

Kama sheria hairuhusu mtu kuwa mzigo, basi naomba badala yake neno lenyewe lishikwe na serikali. Bunduki ina leseni. Baiskeli ina leseni. Mbwa wa Bwana Meneja ana leseni, na yeye anapobweka kila mtu anajua anataka nini. Neno hili linalomwangushia mtu mzani na kumzuia baba asifike kanisani linazunguka bure mikononi mwa kila mtu. Naomba lifungiwe katika kabati la ofisi yako, kila bwana apewe moja kwa mwezi, atie sahihi, na aandike pembeni ni ya kwenda au ni ya kukaa. Maana mbili zinatosha. Zikizidi hapo, mwenye neno ashtakiwe.

Nakuomba ufanye haraka kwa sababu leo ni Jumanne, na kutoka hapa mpaka kwetu ni siku mbili na zaidi. Edah ni mtoto wangu wa kwanza. Nilimwacha akiwa na umri wa miaka kumi na saba, na sasa naambiwa amekuwa mrefu kuliko mama yake. Ningependa nimwone kabla hajawa wa watu wengine.

Nisalimie jamaa wote wa nyumbani kwako na wa ofisini, na majirani zako hata kama siwajui. Okanya, Elungat na Wesonga wanakusalimu pia, ingawa hawajui kwamba nimewataja. Yule mzee wa baraza mwambie nilijaribu kufupisha.

Ni mimi, mtumishi wako, mwenye mgongo uliochoka lakini mwenye heshima zote,

Jeremia Mwasaru

NB. Leo ni Jumatano, saa sita na nusu mchana, na bahasha hii nilikuwa bado sijaifunga. Asubuhi Okanya aliniletea karatasi. Bwana Meneja amesema kwamba mtu anayepita langoni kama mzigo akae mbali na godauni lake siku kumi na mbili. Imetiwa sahihi na mhuri. Treni inaondoka leo saa saba na nusu mchana.

Nilikimbia posta kuwapelekea telegramu nyumbani. Watu walikuwa wengi nyuma yangu wakinisukuma, na karani alikuwa anataka kufunga dirisha aende kula. Akaniuliza, "Andika nini, mzee? Haraka." Kwa furaha Kiswahili chote kikanitoka kichwani, nikaandika neno moja ambalo nilijua hata kule milimani kila mtu analielewa. Wewe unalijua.

Nilipofika kwenye ngazi ndipo nilipofungua barua ya mke wangu, Felistus, iliyofika posta leo hii. Ameandika hivi: "Baba Edah, mbona kimya? Kasisi anataka jibu. Je, tuiahirishe harusi mpaka tarehe 28? Au Dishon amwingize mtoto Jumamosi hii? Au unakuja mwenyewe? Tujibu kwa telegramu, nasi tutafanya utakavyosema."

Nilirudi mbio. Dirisha limefungwa mpaka saa nane, na waya tayari umekwenda. Telegramu inafika Mgange kesho asubuhi. Mimi, treni zikinihurumia, nafika Ijumaa usiku. Tarehe 28 nitakuwa nimesharudi hapa, nimebeba robota.

Kwa hiyo, Bwana Afisa, yote niliyoandika hapo juu juu ya kupunguza maana za neno hili nayafuta kwa mkono wangu mwenyewe. Badala yake naomba serikali iliongezee moja tu: "Felistus, usiguse kitu chochote, nakuja mwenyewe." Itangazwe leo, kabla ya ofisi kufungwa.