Mheshimiwa Niliyemleta Ukumbini

Leo uso wangu nimeuacha Tottenham. Atakayeuokota asihangaike kuniletea.

Nawaeleza mwenyewe, maana najua wengi wenu mmeshaiona ile video. (Yule aliye nyuma, kakumbatia mkoba usio wake na kinywa kimebaki wazi, ndiye mimi.)

Mnajua uchaguzi wa gavana kule nyumbani Kenya unakaribia, na wagombea wenye nguvu ni wawili: Injinia na Profesa. Majina yao ya kuzaliwa hakuna anayeyatumia tena, nadhani hata wake zao. Sisi wa London kura hiyo hatuipigi, lakini tuna mama na mashangazi wanaoipiga, na tuna simu za kuwaambia wampigie nani. Ndiyo maana wagombea wanapanda ndege kutufuata kwenye baridi hii.

Mjomba wangu Athmani ndiye mwenyekiti wa chama cha watu wa kaunti yetu hapa, na ni wa Injinia damudamu. Jana alinipigia simu.

“Mpwa wangu, kesho saa sita mchana umchukue Mheshimiwa kituo cha Stratford, umlete ukumbini Tottenham. Na ile barua yako ya kuomba kazi umpe mwenyewe mkononi. Idara ya mipango ya miji kule haina watu. Usiharibu.”

Mtu kama mimi haambiwi “usiharibu”. Nina digrii ya mipango ya miji. Huu mwaka wa pili napanga maboksi ghalani, na viza yangu inaisha karibuni. Barua hiyo ndiyo niliyokuwa nimebaki nayo. Niliiandika mara kumi na moja.

Tangu nilipoamka nawaza salamu. Nikimwambia shikamoo, ataona nimemzeesha? Nisipomwambia, ataona sina adabu? Mkono nitoe mimi kwanza au ningoje wake? Chai yenyewe ilipoa nikiwa bado kwenye swali la mkono.

Na picha aliyonitumia Mjomba haikunisaidia. Injinia amevaa helmeti ya mjengo na miwani myeusi, ananyoosha kidole kuelekea barabara ambayo haijajengwa. Kinachoonekana ni masharubu na videvu viwili.

Nilifika Stratford saa nne na nusu. (Ndiyo, niliambiwa saa sita. Najijua.) Saa sita kasorobo akatokea mzee mmoja mnene, koti refu jeusi, skafu ya rangi za bendera yetu. Masharubu yapo. Videvu nikavihesabu: viwili. Anatazama saa yake, halafu anatazama watu kama wote wamemchelewesha.

Hapo mwenye akili angeuliza, “Samahani, wewe ndiye Injinia?” Mimi nikawaza. Unamwulizaje gavana mtarajiwa kwamba yeye ni nani? Si ndiko kumwambia kwamba hajulikani? Na asiyejulikana atashindaje? Nitakuwa nimemvunja moyo kabla hajafungua kinywa. Nikamsogelea na neno lisilomkosea mwanasiasa yeyote.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba, kijana.”

“Nimetumwa na Mwenyekiti nije nikuchukue.”

“Mmechelewa,” akasema, akanipa mkoba wake.

(Nilikuwa nimesimama pale saa moja na robo. Nikaomba radhi.)

Kwenye treni akakaa, akauliza, “Watu wapo?”

“Ukumbi umejaa, Mheshimiwa.”

“Wote wetu?”

“Wote ni wako.”

Akakunja uso. “Na yule bwana?”

Kwetu mpinzani hatajwi jina. Ukimtaja umemwongezea kura. Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa ni yule bwana gani.

“Yule bwana,” nikasema, “hata mkewe hampigii.”

Alicheka mpaka mama aliyekaa mbele yetu akamvuta mtoto wake karibu. “Wewe kijana unaona mbali! Hebu niambie, yule bwana amejenga nini?”

“Hajajenga kitu, Mheshimiwa.”

“Hata choo!”

“Hata mlango wa choo.”

Tukamsema yule bwana stesheni moja hadi nyingine bila kupingana neno. Sijawahi kuelewana na mtu mzima namna ile. Nikaona wakati ndio huu, nikamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Akaitia mfuko wa ndani wa koti bila kuisoma, akanipiga bega. “Vijana kama wewe hatuwaachi.” Mara ya kwanza tangu nihitimu, nikajiona nina kazi.

Kazi hiyo nilikaa nayo kama dakika kumi na tano.

Mlangoni pa ukumbi Bi Zuhura, kiongozi wa kina mama, alikuwa anachungulia. Aliponiona naja na mtu mwenye tumbo la heshima hakungoja kuona uso. Akapiga kigelegele, na wenzake wakaitika: “Injinia! Injinia!”

Mzee akasimama ghafla. Akatazama bango lililo juu ya mlango, lenye helmeti. Akanitazama mimi.

“Kijana, umenileta wapi?”

“Kwenye mkutano wako, Mheshimiwa.”

“Wangu mimi nani?”

Jamani! Swali nililoogopa kumwuliza, ananiuliza yeye.

Mjomba akatoka mbio kumlaki, mikono kaitanua. Alipofika karibu, mikono ikabaki vilevile hewani, haina wa kumkumbatia. Akaniinamia sikioni.

“Mpwa wangu. Huyu ni Profesa.”

Kumbe naye pale Stratford alikuwa akingoja kijana wa mwenyekiti wa kambi yake. Nilitaka kujieleza. Sikupata nafasi, kwa sababu sauti ilitoka ndani: “Profesa kahama! Karudi kwetu!” Basi ukumbi ukalipuka. Viti vikaanguka. Bi Zuhura akamvisha Profesa leso shingoni. Mtu mmoja akainua simu, anawarushia wa nyumbani moja kwa moja. Profesa akasukumwa mpaka meza kuu huku simu yake inalia, akaipokea, na sauti ya mkewe tukaisikia hata sisi wa nyuma: “Umehama na hujaniambia?”

Akanyakua maikrofoni. “Ndugu zangu, mimi sijahama!”

Makofi maradufu. Kwetu mwanasiasa akisema hajahama, ndiyo kahama.

“Nisikilizeni! Msimamo wangu nimeuandika, ninao hapa. Nawasomea!” Akatia mkono mfuko wa ndani wa koti.

Kule nyuma nikaukumbatia mkoba wake.

Akafungua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaanza kwa sauti ya darasani: “‘Kwa Mheshimiwa Injinia. Mimi ni kijana msomi ninayeamini kwamba wewe ndiwe mwamba wa kaunti yetu, na kwamba Profesa ni...’”

Akaisogeza karatasi karibu na macho.

“Malizia, baba!” Bi Zuhura akapaza sauti.

Profesa ni mwalimu. Sentensi haiachi njiani. “‘...ni debe tupu, na kelele zake tumezichoka.’”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. (Sentensi hiyo haikuwa kwenye barua ya kwanza hadi ya kumi. Niliiongeza ya kumi na moja, niliona barua imepwaya.) Profesa akateremka chini ya karatasi, akalisoma jina langu lote, la babu likiwamo. Halafu akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

“Sarufi ni nzuri,” akasema kwenye maikrofoni. “Ila hukuweka namba ya simu.”

Mara kumi na moja, jamani!

Akaikunja barua, akadai leso itolewe shingoni, akauchukua mkoba wake mikononi mwangu. Mlangoni akapishana na Injinia mwenyewe, aliyefika kwa teksi, kalowa, meno yanagongana. Walipoona simu ya yule mrusha video wakakumbatiana na kutabasamu kama waliozaliwa pacha. Simu iliposhuka, tabasamu nazo zikashuka.

“Mwenyekiti,” Injinia akamwambia Mjomba, “kijana wa kunichukua yuko wapi? Nimesimama mvuani mpaka polisi akaniuliza kama nimepotea.”

Mjomba alininyooshea kidole tu nilipojificha nyuma ya birika la chai.

“Ndiye huyu wa mipango?”

“Ndiye, Mheshimiwa.”

Injinia akanitazama toka viatu hadi nywele. “Haya. Na leo amenipangia nini?”

Ukumbi ukaanza kucheka upya. Nikatoka mlango wa nyuma. Kumbe si mlango, ni stoo ya mifagio. Nikakaa humo mpaka hotuba ikaisha.

Sasa niko ndani ya basi, ghorofa ya juu, nawaandikia. Mama katuma ujumbe kutoka nyumbani. Hajauliza kama nimekula. Anasema, “Baba yako kaona video. Anauliza, sisi sasa ni wa nani?”

Msinicheke, tafadhali. Kenya ina kaunti arobaini na saba. Kwangu mimi zimebaki arobaini na sita, na magavana wake wote nitawauliza majina.