Mtambo wa Juu ya Ghala

Mjini walikuwa wameshamjua mpaka kivuli chake. Ndiyo maana yule bwana aliyejiita Injinia alijikuta amepanga chumba nyuma ya ghala la mahindi, katika kijisenta ambako kazi ya simu ilikuwa kumulika njia ya chooni. Uinjinia wenyewe, kama hujui, aliusomea stendi, akiuza chaja mbovu.

Asubuhi moja alipanda paa la ghala kuchungulia kama kuna gari lolote la kumtoa kwenye jehanamu ile. Simu ikatetemeka mfukoni. Meseji zikamiminika, nyingi za matusi. Mtu mwenye utu angeshuka mbio kuwaambia majirani kwamba kule juu mtandao unashika. Injinia alifuta matusi yake, akashuka kimya kama paka aliyeiba.

Mchana ulimkuta mbele ya Mama Ghala, mwenye jengo, na Mwalimu mstaafu, mwenye jibu la kila kitu. Mezani palikuwa na kisanduku cha chuma chenye taa ya kijani.

"Intaneti isiyo na waya, kwa bei ya mkulima," alisema Injinia. "Mtambo huu unanyonya mawimbi juu, unayamwaga chini. Mjini wanaulilia!"

"Sasa kama wanaulilia, mbona umetuletea sisi?" akauliza Mama Ghala.

"Mama, mimi nina huruma."

"Ni masafa hayo," Mwalimu akadakia, akitikisa kichwa kwa hekima ya mtu asiyeelewa kitu.

Mle ndani mtambo hamna. Mlikuwa na simu ya Injinia, imewashwa igawe intaneti, imechomekwa kwenye paneli ya jua, na kifurushi kimewekwa kijinunue chenyewe kwa hela iliyomo kwenye laini kila kikiisha, ili uongo usikatike katikati. Sanduku likapandishwa paani, chini simu zikafufuka. Mwalimu aliona picha ya mjukuu wake wa ughaibuni, akalia. Kisha akafuta machozi upesi na kuuliza kama wale wa ng'ambo ya barabara wanaweza kuzuiwa wasipate.

Hapo Injinia akawapenda kwa moyo wote. Ukitaka kumla mtu, mwahidi kitu ambacho jirani yake hatakipata.

"Nunueni hisa, muwe wenye mtambo. Hao wa ng'ambo watawalipa ninyi. Na mlipie kwa simu, kupitia mtambo huohuo, mjionee!"

Wakalipa wakisukumana, na wenzao wakaja mbio na viatu mkononi. Hela zikapaa, zikatua kwenye laini iliyokuwa sandukuni. Kilichobaki ni kulishusha sanduku "likapimwe mjini", halafu kwaheri ya kuonana ahera.

Ila hakuwajua watu wale. Kwao kitu cha thamani hakilali nje bila nondo: jenereta iko kizimbani, pampu iko kizimbani, hata tenki la maji limefungwa kama mhalifu. Injinia alipotoka kuoga, fundi wa kuchomelea alikuwa anashuka ngazi.

"Tumeuzungushia mtambo kizimba, Injinia. Shetani mwenyewe hapenyi."

"Mlango uko wapi?"

"Mlango wa nini tena? Mlango si ndiyo njia ya mwizi?"

Siku ile Injinia hakula. Laini aliisajili kwa kitambulisho alichookota; angeendaje kuomba nyingine, na sura ya kwenye kitambulisho ina ndevu na nusu ya umri wake? Kesho yake akapanda na msumeno wa chuma. Mama Ghala akapanda nyuma yake, taratibu, akihema.

"Mtambo umepata joto, mama. Nisipoufungua utalipuka!"

Kabla hajajibiwa, sanduku likaanza kuimba muziki wa dansi. Kisha sauti ya kike ikatangaza mle ndani, wazi kabisa: "Mke mkubwa anapiga. Mke mkubwa anapiga."

Watu wote chini wakainua vichwa.

"Ni masafa hayo!" Mwalimu akapaza sauti.

"Masafa yameoa, Mwalimu!" akajibu Mama Ghala.

Injinia akapiga magoti juu ya bati la moto. "Mama yangu, nisitiri. Hela zenu zimo humu. Nikate, tugawane nusu kwa nusu, hao wengine wasijue."

"Mwanangu, nilijua ni simu tangu jana. Jina la mtandao wako ni aina ya simu yako, herufi kwa herufi. Unadhani fundi nani alimwita?"

"Sasa mbona ulilipa?"

"Hela yetu inanunua vifurushi, vifurushi tunatumia sisi. Umetuletea intaneti kweli, Injinia. Umekuwa mtu mwema bila kupenda."

"Na hela zenu zikiisha?"

"Zitaliwa zile za wajinga wa mjini. Au hazimo humo?"

Injinia akalitazama sanduku. Zilikuwemo, zote, jasho la miaka yake ya kudanganya. Chini yao watu wakalipuka kwa shangwe, kifurushi kikaisha, kikajinunua kingine.

Mama Ghala akamnyang'anya msumeno.

"Haya, shuka. Na usikanyage huo waya, watu wanaangalia mpira."