Malalamiko Kuhusu Programu Inayosamehe Visanduku Vitupu

Kwa Katibu,
Chama cha Walimu Wastaafu.

Ndugu Katibu,

Shikamoo siwezi kukupa, maana nilikufundisha darasa la tano. Pokea salamu tu. Nimeegemea mito mitatu. Daktari wangu, aliyekuwa akinipa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo, sasa ananipa za majuma mawili, na ingawa somo langu lilikuwa Jiografia, hesabu hiyo naiweza. Kwa hiyo naomba barua hii isilale kwenye faili.

Nalalamikia programu ya kutafutia wanachama mliyoiweka kwenye kompyuta ya chama. Aliyeitengeneza ni mjukuu wangu, naye ndiye anayeipiga chapa barua hii huku akihema kwa nguvu. Msimwonee huruma, mimi sikumwonea.

Namtafuta mwalimu mwenzangu wa zamani, mwanamke mwembamba aliyenyooka hadi wanafunzi wakambandika jina la Rula. Nina jambo la kumwambia kabla dawa hazijaisha. Programu ina visanduku vitano: jina, mwaka wa kuzaliwa, somo, shule ya mwisho na mwaka wa kustaafu. Chini ya kila kimoja pameandikwa "si lazima". Balaa lilianzia hapo.

Kwanza. Naelezwa kwamba katika Java, lugha iliyotumika kuandika programu hii, kila mwanachama ni kitu ndani ya orodha. Nimefundisha miaka thelathini na minane. Nimeitwa mengi, mengine kwa chaki kwenye ukuta wa choo, lakini kitu sijapata kuitwa. "Bibi, ni namna ya kusema tu," mjukuu akanituliza. Hata ya chooni yalikuwa namna ya kusema.

Pili. Kisanduku kikiachwa kitupu, programu inakiruka. Orodha nzima hupitishwa kwenye vichujio, kimoja baada ya kingine, na kichujio ambacho hakikupewa neno hakimzuii mtu. Niliviacha vyote vitano vitupu ili nione kama itanigombeza. Ikaniletea wanachama wote mia nne na kumi na saba, kwa adabu, kwa mpangilio wa alfabeti. Ndugu Katibu, wewe unakumbuka nilivyokuwa nikisahihisha. Jibu lililoachwa wazi lilipata sifuri, na mwenye nalo alisimama hadi kengele. Leo mtoto wa damu yangu analipatia jibu ambalo halikuandikwa alama zote! "Ukiacha wazi, Bibi, maana yake hujali." Mimi! Sijali!

Tatu. Basi nikaamua kuwa mwanafunzi mwema, nikajaza. Jina nililiacha, kwa kuwa uzee umelipeperusha, lakini vinne vilivyobaki nilivijaza, mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia. Hakupatikana mtu. Yaani asiyejua lolote anapewa chama kizima, na aliyejitahidi anapewa ukurasa mweupe. Mjukuu akasema masharti yote yameunganishwa kwa "na", hivyo kosa la mwaka mmoja linamtupa mtu nje. Nikamwamuru aweke "au". Akaguna, akaweka. Wakaja watu mia mbili na tisa, wa tatu kutoka juu akiwa mimi mwenyewe. Sikuwa nimepotea.

Nne, na hili ndilo linaloniuma. Hakuna kisanduku cha yale ninayoyajua kweli. Najua kwamba Rula alitumia likizo nzima kutengeneza ramani ya milima na mabonde kwa karatasi zilizolowekwa, upana wake meza mbili, kwa ajili ya darasa letu. Mkaguzi alipoingia alinikuta mimi nimesimama kando ya ramani hiyo. "Hongera, mwalimu, una mikono ya ajabu," akasema. Nikainamisha kichwa, nikasema asante. Rula alikuwa mlangoni, gundi imemkaukia vidoleni. Muhula uliofuata nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi, na kwa kuwa kila nilipomwona niliacha chai na kutoka, nikapendekeza ahamishwe. Barua ya uhamisho niliiandika mimi. Nilimtakia mafanikio.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima zote. Kisanduku kitupu kihesabiwe kosa, na aliyekiacha asimamishwe uanachama kwa muhula mmoja. Kiongezwe kisanduku cha sita kinachouliza, "Je, kuna mwenzako aliyekunyang'anya sifa yako?" na wanachama wote wakijaze kwa lazima, kwa kalamu isiyofutika. Yakishindikana hayo, wanachama wote mia nne na kumi na sita waletwe kwangu, wapitishwe chumbani mmoja mmoja, nami nitamwomba kila mmoja msamaha. Asiyehusika atapita tu, kama kwenye vichujio vyenu. Viti tunavyo sita. Wengine watasubiri uani, na wasikanyage mboga.

Nisalimie mweka hazina, mama anayefagia ofisi, mlinzi wa getini, na yule karani anayesinzia akiwa ameshika muhuri. Mkeo, niliyemfundisha pia, umwambie sijamsahau, ingawa ramani zake zilikuwa zikinitoa machozi.

Nakutakia kazi njema,

Mwalimu wako wa Jiografia.

Nyongeza. Barua ilikuwa imekwisha, mjukuu akaondoa vidole kwenye kompyuta na kuniuliza, "Bibi, jina lake hulijui kweli?" Nikamwambia achape bahasha. Hakuchapa, alinikazia macho tu. Ndugu Katibu, jina nalijua. Nayajua yote matatu. Kisanduku hicho nilikiacha kitupu kila mara kwa sababu programu yenu haina kasoro hata moja: ningekijaza, angetokea mtu mmoja tu, na ningeishiwa visingizio. Nimemtajia mjukuu. Ametokea mmoja. Yu hai, ana simu, anakaa mwendo wa robo saa kutoka kitandani pangu. Malalamiko yote nayafuta, la kwanza hadi la nne, na maombi pia. Simu inaita. Yeye bado anachapa kila ninalosema, mtundu huyu. Imepokelewa. Acha kuandika, mjukuu wangu, toka, unifungie mlango.