Mashtaka Dhidi ya Januari ya Uskoti

Ansab, Maskati
Januari

Kwa ndugu yangu Harub bin Sleyum,
Mjomba wa mtoto, na mwenye shauri lililotufikisha hapa

Assalaam alaykum,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na miguu yako yote miwili ikiwa bado na hisia. Sisi hatujambo. Nakuandikia wewe, lakini maneno ni ya Mkuu wa chuo anachosoma Muatasim. Kwa kuwa yeye hakujaaliwa kujua Kiswahili, utamfasiria neno kwa neno na utampelekea kwa mkono wako. Nakujua, Harub. Palipo na hoja yangu utataka kutia "tafadhali". Usitie.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Mimi ni mama wa Muatasim Msellem, mwanafunzi wako wa uhandisi, mwaka wa kwanza. Nilikukabidhi kijana mwenye mashavu. Picha aliyonitumia juzi inaonesha pua na macho; yaliyobaki ni sufu. Nna malalamiko yafuatayo.

1. Baridi yenu haikutangazwa ipasavyo. Kitabu mlichotuletea kina wanafunzi wanaocheka juu ya majani mabichi, mikono wazi. Hata hivyo sisi si wajinga, tulijitayarisha. Mwezi mzima wa Agosti nilimlaza mtoto na kiyoyozi kwenye kumi na sita, bila ya blanketi, na mchana nikampeleka dukani kusimama mbele ya mafriji ya kuku wa barafu, mpaka mfanyakazi akamuuliza kama amepotelewa na mtu. Mjomba wake alipopata habari alipiga simu kucheka: "Da Nasriya, hiyo ni baridi ya kununua. Ya huku inakuja yenyewe, na upepo juu." Nilidhani ni majivuno ya mtu aliyekaa sana ugenini. Ikiwa mlijua kuwa baridi yenu ina upepo, mlipaswa kuandika.

2. Jua lenu halifanyi kazi siku nzima. Linachomoza kwa kusitasita na linakuchwa kabla mtu hajamaliza chakula cha mchana. Matokeo yake adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama wageni waliofika mlangoni pamoja. Mtoto akitaka kutawadha anavua viatu, anavua soksi za sufu, anavua na soksi za chini. Anasali. Akishavaa zote, wakati wa sala nyengine umeingia. Kijana aliyekuja kusoma uhandisi anashinda akishughulika na miguu yake.

3. Hili ndilo kubwa. Kwetu nguo ya heshima haivaliwi mpaka ifukizwe udi. Koti la sufu ndiyo zaidi, maana linanyonya harufu ya mvua na ya kila aliyekaa karibu nawe. Kwa hiyo nilimtilia sandukuni udi na chetezo cha kuuchomea, nikampa na amri: kila Alkhamisi jioni, funga madirisha, tandaza koti juu ya chetezo, subiri. Muatasim ni mtiifu. Alifunga madirisha. King'ora cha moto kikalia, na jengo zima likatoka nje kwenye theluji, wengine na nguo za kulalia, mmoja na taulo. Gari la zimamoto likaja. Mkubwa wao alisimama kwenye ukumbi, akavuta pumzi, akauliza humu ndani tangu lini kuna kanisa.

Tangu hapo msimamizi wa bweni amemuandikia onyo: moshi mwengine mmoja tu, na chumba anakikosa. Mheshimiwa, hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Mmemuweka mtoto kwenye hali ya hewa inayomlazimisha kuvaa koti, na kwenye chumba kinachomkataza kulifukiza. Akilivaa hivyohivyo, aibu ni yetu. Akilifukiza, atalala barabarani. Akiliacha, atakufa. Nioneshe njia ya nne.

(Mume wangu anasema kosa ni la aliyeamrisha madirisha yafungwe. Hoja hiyo nimeishughulikia hapahapa nyumbani.)

4. Watu wenu si wakweli. Bibi mmoja kituo cha basi alimwambia mwanangu, theluji ikiwafika vifundoni wote wawili, kwamba leo kumependeza.

5. Nimesoma historia, na sikuisoma kwa ajili ya mtihani. Vitabu vinasema kwamba watu wa kaskazini walitoka makwao kutafuta karafuu, dhahabu na watu wa kuwatawala. Nilikuwa naamini hivyo mpaka mwezi uliopita. Sasa nafahamu: walikuwa wanaikimbia Januari. Nyinyi wenyewe mliikimbia kwa meli na mizinga, halafu leo mnamtaka mtoto wa Ansab aikabili kwa skafu!

Kwa hiyo nadai udi uruhusiwe na onyo lifutwe. Likishindikana hilo, basi kila Januari na Februari chuo chenu chote kihamie Maskati. Al Khoudh, penye chuo kikuu chetu, imezoea wanafunzi. Mabasi yapo na wahadhiri hawatapotea. Jioni tutawapeleka Sib, ufukweni, tuote moto pamoja, sisi na majaketi yetu juu ya dishdasha, kanzu zetu, maana na sisi baridi tunayo, ila yetu ina adabu. Na hilo nalo likishindikana, nirudishieni mtoto. Atasoma uhandisi wake Al Khoudh, karibu na jikoni kwangu, na akitoka darasani atakuta wali wa nazi bado una moto.

Hapo ndipo mwisho wa maneno ya Mkuu.

Harub, sasa nasema nawe. Yale madai mawili ya mwanzo ni ya kubishania tu. Ninalolitaka ni la mwisho. Wewe ndiye uliyekaa kwenye sebule yangu ukasema, "Mwacheni mtoto akaione dunia." Haya, ameiona. Ni nyeupe. Mrudishe.

Nisalimie Hasina na watoto. Rawya anakusalimu mjomba wake. Shemeji yako Msellem anakusalimu na anakuomba barua hii usiipeleke. Salamu zake zipokee, ombi lake liache.

Wako kwa joto na kwa haki,
Dada yako mkubwa,
Nasriya bint Sleyum

Tanbihi: Nilikuwa nishaifunga bahasha, Muatasim akapiga simu. Nyuma yake nikasikia vijana wanacheka na upepo unavuma. Nikamuuliza yuko wapi. Yuko nje, na fulana, wanacheza mpira. Nikamuuliza, na baridi je? Akanijibu, "Baridi gani, mama?" Kisha akaniomba ruhusa abaki huko mpaka Septemba, kwa sababu joto letu, ati, hataliweza. Kwa Mkuu usende tena. Mambo yameshapita uwezo wa chuo: mtoto wa Maskati asiyehisi baridi ni mgonjwa, na mgonjwa haachwi peke yake. Nimeshakata tiketi. Nitakaa naye mpaka aanze tena kutetemeka.